Bakuli la Uji na Mpini wa Jembe

Siku mliponiaga pale zahanati, mkanipa kiti cha kupumzikia na vitenge viwili, mshereheshaji aliniomba niwaachie neno wauguzi vijana. Nilisimama, nikasema asanteni, nikakaa. Mkanipigia makofi mkidhani nimezidiwa na machozi. Hayakuwa machozi. Sikuwa na neno. Niliona kazi yangu mmeiona kwa macho yenu, na niliyokuwa nayo ya kusema nilikwisha kuyasema kwenye semina mpaka mkayakariri.

Sasa neno ninalo. Ninaliandika mguu wangu wa kulia ukiwa ndani ya hogo la plasta, umewekwa juu ya stuli, na kiti chenu cha kupumzikia kimekuwa kiti cha mgonjwa kabla hata sijamaliza miezi miwili ya kustaafu. Nilianguka bafuni kwangu. Kuanguka si ajabu. Wazee tunaanguka, nimewafunga wengi. Kilichoniacha mdomo wazi, na mpaka leo sijaufunga vizuri, ni neno lililonitoka nikiwa pale sakafuni. Ili mlielewe, lazima nianzie mbali. Vumilieni. Mnanijua, siwezi kueleza kitu nusu.

Mimi ni Ghati, Mkurya wa jina. Baba yangu alikuwa askari, akahamishwa huku na huko, na mimi nimekulia kwenye kota za polisi Tabora na Mwanza. Kikurya changu kilikuwa cha salamu na matusi mawili niliyojifunza kwa kaka yangu. Nilipomaliza chuo cha uuguzi nikapangiwa zahanati huku Nyanungu, baba alifurahi, akasema narudi nyumbani. Nilishuka kwenye lori la mahindi na sanduku la bati, nikaangalia vilima na ng'ombe, nikajiuliza nyumbani ni wapi hapo.

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, mizani ya kuning'iniza watoto, mashine ya presha ya kupampu kwa mkono ambayo mpira wake ulikuwa umefungwa kwa uzi, na Mama Robi. Mama Robi alikuwa mhudumu. Alikuwa na elimu ya darasa la nne, alifagia, alichemsha sindano, aliteka maji, na alijua kila boma kuanzia pale mpaka mpakani. Mganga wetu alikuwa mtu wa kwenda vikao wilayani. Kwa hiyo aliyenifundisha kazi ni Mama Robi, na nasema hivyo bila aibu, ingawa kwenye karatasi mimi ndiye nilikuwa mkubwa wake.

Somo la kwanza nililipata siku ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi. Alikuja msichana mjamzito, amefuatana na bibi mmoja mwenye fimbo. Nikafungua kadi, nikaandika jina, umri, kijiji. Nikauliza, "Jina la mume?"

Yule bibi akasema, "Andika Wankuru."

"Bibi, shikamoo tena. Nauliza mume wa huyu binti."

"Marahaba. Na mimi nakujibu. Mume ni mimi. Nimemwoa kwa ng'ombe zangu. Andika."

Kalamu ikasimama hewani. Nilimtazama Mama Robi, ambaye alikuwa anapanga pamba kwenye chombo kana kwamba hakuna lililosemwa. "Andika, Nesi," akasema. "Kalamu haiumwi."

Baadaye alinieleza polepole. Mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa msichana, wakajenga nyumba moja, na watoto watakaozaliwa ni wajukuu wa yule mama. Uzee wake unakuwa na mtu wa kumchotea maji, na boma lake linabaki na moto. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya yule msichana na hiari yake, na mengine bado ninayo. Lakini siku ile nilijifunza kwamba huku watu wanauandaa uzee wao mapema, kwa njia zao, na wamekwisha kupanga nani anamhudumia nani. Mimi nilikuwa naingia katikati ya mpango ambao sikuwa nimeusoma.

Ningelishika somo lile, nisingemwumiza Bhoke.

Bhoke alikuwa mkamwana wa Mzee Mwita, mwenye boma kubwa mwendo wa saa moja kutoka zahanati. Mzee alikuwa mjane. Watoto wake wa kike walikuwa wameolewa mbali, na mwanawe pekee wa kiume, Marwa, mume wa Bhoke, alikuwa akifanya kazi ya kuchimba dhahabu, anarudi nyumbani kila baada ya miezi. Bomani walibaki mzee, Bhoke na watoto wanne, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Ndipo mzee akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukawa mzito. Akapelekwa hospitali, akakaa huko wiki mbili, akarudishwa nyumbani na karatasi inayosema auguzwe na familia.

Nilikwenda kumwona kwa baiskeli. Nilikuwa na bidii ya mtu aliyefaulu mtihani juzi. Nilimketisha Bhoke uani nikamfundisha yote: ageuzwe kila baada ya saa mbili, aoshwe kwa maji ya uvuguvugu, asilale kwenye unyevu, aviringishiwe nguo chini ya visigino, anyooshwe mkono na mguu asubuhi na jioni. Bhoke aliinamisha kichwa. Kila nilipouliza, "Umeelewa, dada?" alijibu, "Nimeelewa." Na kweli alielewa. Mimi ndiye nilikuwa sijaelewa, na sikuulizwa.

Niliporudi baada ya siku kumi nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni. Mzee alikuwa amelala kwenye godoro sakafuni, chini ya nguo zilizolowa, na kiunoni alikuwa na kidonda cha kulalia ambacho ngumi yangu ingeingia. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama. Na hapo mlangoni, kwenye udongo, niliona mstari ulionyooka, kama njia ya mchwa, umechimbika kwa kupitiwa mara nyingi. Mwisho wa mstari kulikuwa na bakuli la uji. Nje, ukutani, ulikuwa umesimamishwa mpini wa jembe usio na jembe.

Ilinichukua muda kuunganisha. Bhoke alikuwa anaweka bakuli kizingitini na kulisukuma ndani kwa mpini, mpaka lifike pale mkono wa kushoto wa mzee, ule mzima, unapoweza kulishika.

Nilipigwa na bumbuwazi, kisha bumbuwazi likageuka hasira. Nilitoka uani. Majirani walikuwa wamekuja kwa kuona baiskeli yangu. Nikamsema Bhoke mbele yao. Nilimwambia hata mbwa halishwi hivyo. Nilimwuliza mikono yake ina kazi gani. Alisimama na mtoto mgongoni, macho chini, hakujibu neno. Ukimya wake niliuona kiburi. Nikafungua daftari la ziara za nyumbani nikaandika kwa herufi kubwa: UZEMBE WA MKAMWANA. Kisha, kwa kuwa bidii yangu ilikuwa haijaisha, nilipitia kwa mwenyekiti wa kitongoji nikamsomea.

Nilimsimulia Mama Robi jioni ile nikitegemea anipongeze. Aliacha kukunja bandeji.

"Ulimwambia Bhoke amwoshe baba mkwe wake?"

"Ndiyo. Nani mwingine yupo?"

"Yeye Bhoke, amguse? Amwone mwili?"

"Mama Robi, ni mgonjwa!"

"Mwanangu," akasema, na alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Bhoke hajawahi kumpa mkono mzee yule tangu aolewe. Akimwona njiani, anapisha pembeni. Chumba anacholala mzee hawezi kukanyaga. Akikanyaga, si yeye tu, watoto wake wanaandamwa na mkosi. Hivyo ndivyo alivyolelewa. Mzee naye ndivyo alivyolelewa. Wewe unaona mpini. Yule mtoto amekaa siku kumi anafikiria atamlishaje baba yake bila kumvunjia heshima, akapata mpini. Ungekuwa wewe ungepata nini?"

Nilikumbuka macho ya mzee. Nilikuwa nimeyasoma kama macho ya mtu anayeomba aokolewe na mkamwana wake. Sasa niliona huenda yalikuwa yananiomba ninyamaze.

Lakini maneno ya nesi yalikuwa yamekwisha kuondoka na miguu yake. Yalifika machimboni kabla ya wiki kuisha. Marwa alirudi, akasikia kwa mwenyekiti kwamba mkewe anamlisha baba yake kama mbwa na kwamba serikali imeandika. Hakuuliza zaidi. Alimrudisha Bhoke kwao Gorong'a. Mtoto wa kunyonya akaenda naye. Wale watatu wakabaki. Na mzee akabaki na kidonda chake, bila hata mpini.

Vijana wangu, makosa ya dawa yana kitabu chake, mtayasoma. Kosa hili halina kitabu, ndiyo maana ninaliandika.

Tulikwenda Gorong'a kwa miguu, Mama Robi na mimi. Baiskeli alinikataza. "Anayekwenda kuomba radhi hafiki amepanda kitu," akasema. Tulitembea tangu alfajiri, viatu vyangu vya kazini vikanichubua, na Mama Robi akitembea mbele bila kugeuka. Tulimkuta baba yake Bhoke anakagua zizi. Alisikiliza salamu zetu zote, akatuletea vigoda, akatupa maji. Kisha akasema, "Huyu mtoto ulimsemea wapi?"

"Uani kwa mkwe wake, baba."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Basi hapa kwangu hakuna kitu cha kusikia. Hapa hakuna aliyekusikia mara ya kwanza. Rudi ukaseme palepale, watu wakiwepo. Mimi nitakuja na binti yangu nisikie kwa masikio yangu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilisimama uani kwa Mzee Mwita mbele ya majirani walewale, pamoja na mwenyekiti, Marwa, na baba yake Bhoke aliyekuwa amekunja mikono. Nikasema kwa Kikurya changu cha kuokoteza kwamba Bhoke hakukosa, mwenye kosa ni mimi. Nilichanganya maneno mahali fulani kwa sababu wanawake wawili walifunika midomo. Nikafungua daftari mbele yao, nikakata ule mstari, nikaandika juu yake kwamba kosa ni langu. Marwa akamchukua mtoto mgongoni kwa mkewe, akaingia naye ndani. Kwa watu wa kule, wakati ule, mwanamume kubeba mtoto mbele ya mkwe wake ilikuwa hotuba.

Bado tulikuwa na mgonjwa. Na hapo ndipo Mama Robi alinifundisha kazi kweli. Aliniambia, usiulize nani yupo nyumbani, uliza nani anaruhusiwa. Tukauliza. Wajukuu wanaruhusiwa, mjukuu na babu ni watani, hawana soni kati yao, na mimi nilikuwa nimemwagiza Bhoke peke yake. Na mtu wa rika lake, aliyetahiriwa naye mwaka mmoja, huyo hana cha kufichwa. Akatafutwa Mzee Nyamhanga, mtu mfupi mwenye sauti ya ng'ombe dume, aliyekaa kilima cha pili.

Nyamhanga alimwosha mwenzake kila siku asubuhi, na boma zima lilisikia.

"We Mwita! Siku ya kisu ulisimama kama mti, wasichana wakakuimbia. Leo unakunja uso kwa maji ya moto? Kunja, kunja, mimi nakusugua. Nilikwambia usinishinde mieleka, sasa nakulipizia."

Mzee Mwita alijibu kwa mkoromo ambao sote tulijua ni tusi.

Bhoke alikuwa upande wa pili wa ukuta, na ndiye aliyeendesha wodi ile. Alichemsha maji. Alipika uji laini. Alipima wakati kwa kivuli cha nyumba, na kivuli kilipofika kwenye jiwe alilolichagua, alipaza sauti kwa watoto wake, "Babu ageuzwe!" Binti yake mkubwa alilisha, mdogo alinyoosha vidole vya babu kimoja kimoja kama anacheza. Sijawahi kuona mgonjwa anayegeuzwa kwa saa kama yule, hata hospitalini. Kidonda kilifunga. Baada ya miezi, mzee aliweza kukaa nje, ameegemea ukuta, kalipa mgongo jiko la mkamwana wake kama desturi inavyotaka.

Maneno yake ya kwanza yaliyoeleweka aliyasema akimtazama kuku. "Kuku," alisema, mdomo umepinda, "waambie wenye jiko. Uji wa leo. Chumvi imezidi."

Sauti ya Bhoke ikajibu kutoka jikoni, "Kuku, mwambie mwenye boma. Chumvi imezidi kwa sababu machozi yameingia."

Nyamhanga alicheka mpaka akashika mti.

Nilikaa kwenye kazi miaka mingi baada ya hapo. Niliolewa hukohuko, nikazaa, nikafiwa na mume, nikahamishiwa Busawe upande wa Serengeti, nikarudishwa tena. Mashine ya presha ikabadilika ikawa ya betri, nikaiamini polepole. Kila nilipokwenda kumwona mzee aliyelala kitandani, nilianza kwa swali la Mama Robi: nani anaruhusiwa? Lakini mambo yalikuwa yanabadilika. Watu wa rika walikufa. Wajukuu walikwenda shule za bweni na mijini. Nilikuta maboma ambayo aliyebaki ni mkamwana peke yake, au mkwe wa kiume peke yake, na mgonjwa ndani. Kwa hiyo nikaanza kufundisha kitu kingine. Mlinisikia. Nilisema kwenye kila semina, kanisani, kwenye vikao vya kijiji: "Mwili wa mgonjwa hauna mkwe." Familia zikae zikubaliane mapema, mzee akiwa bado mzima, akiwa na kauli, awape ruhusa kwa mdomo wake. Wengi walifanya hivyo. Wakamwana wengi leo wanaosha wakwe zao na mbingu haijaanguka. Nilijivunia neno hilo kuliko cheti chochote.

Mama Robi alinisikia nikilisema kabla hajafariki. Alinitazama akasema, "Neno zuri. Na wewe umeshakaa na wakwe zako mkakubaliana?"

Nilicheka. Nilikuwa na nguvu bado.

Sasa nimefika bafuni.

Nyumba yangu ya kustaafia nimejenga hapahapa Nyanungu. Bafu liko ndani, lina vigae vya kung'aa, binti yangu ndiye aliyeng'ang'ania. Siku ile mume wake, Chacha, alikuja kutoka Mugumu kunifungia simtanki la maji. Ni kijana wa heshima. Miaka tisa amemwoa binti yangu na hajawahi kula mbele yangu. Akija, anawekewa chakula chumba cha mbele, mimi nakaa uani. Nilikuwa sijawahi kulitafakari hilo. Lilikuwa kama kuvaa viatu.

Alikuwa juu ya ngazi nje. Mimi nilikuwa naoga. Nikakanyaga povu, nikasikia mguu unalia kama kuni kavu.

Nilipiga yowe. Nikasikia ngazi inaanguka, hatua zinakuja mbio, kisha zinasimama nje ya mlango wa bafu. Mlango haukuwa umefungwa kwa ndani.

"Mama! Mama, kuna nini?"

Nesi aliye ndani yangu alikuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa. Alisema: usisogee, angalia rangi ya vidole, utaanza kutetemeka, unahitaji kufunikwa, unahitaji mtu sasa hivi. Mtu alikuwepo, hatua mbili kutoka nilipo. Nikafungua mdomo nimwite. Kilichotoka ni hiki:

"Usiingie!"

"Mama, umeumia?"

"Nimevunjika. Usiingie!"

"Mama, nifumbe macho?"

"Chacha, ukigusa mlango huo nakulaani!"

Nilisikia anapumua. Na mimi nilijisikia nilivyosema, nikaduwaa kuliko nilivyoduwaa siku ya kuona mpini. Nani huyu anayelaani? Mimi mtoto wa kota za polisi? Mimi wa semina? Ningekufa pale kwa baridi, uchi, nikilinda mlango usio na komeo.

Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, samahani. Lakini wewe ulitufundisha kanisani. Ulisema mwili wa mgonjwa..."

"Semina ile ilikuwa yenu!" nikamjibu.

Hatua zake zikaondoka. Nilidhani ameniacha. Kisha mlango ukafunguka upana wa kiganja, polepole, na kwenye upenyo ule ukaingia mpini wa jembe. Kwenye ncha yake lilining'inia blanketi langu la kitandani. Mpini ukatikisika, blanketi likaanguka karibu na mkono wangu. Ukatoka, ukarudi na kanga. Ukatoka tena, ukarudi unasukuma sakafuni kikombe cha maji, kwenye vigae vyangu vya kung'aa, taratibu, hakuna tone lililomwagika.

Nililia hapo. Maumivu yalikuwa makali, lakini sikuwa nalilia mguu. Miaka yote ile nilikuwa naamini nimeuelewa mpini wa Bhoke, kwa sababu nilielezwa. Sikuwa nimewahi kulala sakafuni nikiusubiri. Aliyekuwa upande wa pili alikuwa amenyoosha mkono wake wote, na kipande kile cha mti kilikuwa urefu uliobaki kati ya heshima yangu na uhai wangu.

"Nimemtuma mtu kwa mama Bhoke," Chacha akasema nyuma ya mlango. "Anakuja. Mama, zungumza na mimi usilale."

Bhoke ni jirani yangu siku hizi. Ni bibi wa wajukuu kumi na zaidi, ana mgongo ulionyooka, na Marwa wake amezeeka anamtii. Alikuja akihema, akaingia, akafunga mlango, akanitazama nilivyo. Hakuna anayenijua kama yule.

"Nesi," akasema. "Nilete daftari? Leo niandike uzembe wa nani?"

"Bhoke, naumwa."

"Naona. Mpini nimeukuta mlangoni." Akachutama, akanifunika, akanishika uso kwa mikono miwili. Akacheka, na mimi nikacheka nikilia.

Lakini hakuweza kuniinua peke yake, mimi si mwembamba, na gari lilikuwa la Chacha. Bhoke alifikiri kidogo. Akaniviringisha blanketi kuanzia shingoni mpaka miguuni, akafunga kanga juu yake fundo tatu, akanifunika na kichwa. Kisha akamwita Chacha, "Baba! Njoo ubebe gunia la mahindi. Limeanguka huku bafuni."

"Gunia, mama?"

"Gunia. Umeona mtu hapa? Mimi sijaona. Beba taratibu, upande wa chini limepasuka."

Na nilibebwa. Nilikuwa gizani ndani ya blanketi langu, nikisikia moyo wa yule kijana unavyopiga kwa hofu, na kila alipokanyaga vibaya nilikoroma, na Bhoke akasema, "Hili gunia lina panya."

Kwenye kituo cha afya alikuwepo muuguzi kijana, mgeni, bado ana bidii ya mtihani. Aliniweka vizuri, mikono yake mizuri, nilimpenda mara moja. Akataka nigeuzwe upande ili aone kiuno. Akatazama mlangoni. Chacha alikuwa amesimama nje ya kizingiti, ameugeukia ukuta.

"Kaka, wewe si ndiye umemleta? Njoo ushike hapa. Mbona umesimama huko kama hayakuhusu? Mama yako anaumia!"

Chacha hakugeuka. Aliinamisha kichwa, hakujibu neno. Nilimwona muuguzi anausoma ule ukimya, na nilijua anausoma vipi. Akavuta daftari. Akafungua kalamu.

Nilitaka kusema.

Bhoke akaniwahi, akaweka mkono wake juu ya ukurasa.

"Binti," akasema, "mimi nitashika mgonjwa. Wewe kwanza weka kalamu chini, ukamuulize yule kwa nini amesimama pale. Hilo neno unalotaka kuandika ninalijua. Aliyeliandika mara ya kwanza ni huyu unayemtibu, na kulifuta kulimfikisha Gorong'a, kwa miguu."